Duara la Cincinnati

Mpira wa Kimarekani nilifundishwa na mzee wa miaka 84 ambaye vifungo vya shati nilikuwa namfunga mimi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Buffalo, jimbo la New York, zamu ya saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku. Huyu mzee alikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kitanda cha dirishani. Alifanya kazi kiwanda cha chuma cha Lackawanna mpaka kilipofungwa, akazika mke, kiharusi kikamchukua mkono wa kushoto, na katika yote hayo kitu kimoja kilikuwa hakijamtoka moyoni: timu ya Buffalo Bills. Siku ya mechi hagusi chakula mpaka avalishwe fulana ya bluu. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwenye nyumba ambamo Coastal Union ikifungwa baba hasemi na mtu mpaka Jumatatu, nilimwelewa siku ya kwanza tu.

Mchezo wenyewe ndio ulionitoa jasho. Kwa ambaye hajawahi kuutazama: uwanja una yadi 100, na timu yenye mpira inapewa nafasi 4 za kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa nafasi nyingine 4, isipofaulu mpira unakwenda kwa wenzao. Ukifika nao mwisho wa uwanja ni tachidauni, alama 6. Anayeendesha mashambulizi anaitwa kotabeki, na wa Buffalo ni Josh Allen, jitu refu lenye mkono wa ajabu. Kilichonishinda mwanzoni ni kugongana. Watu wanaparamiana kwa makusudi, kwa kasi yote, na hakuna anayepewa kadi. Nilikuwa nafumba macho. Mzee akaniambia nisiufuate mpira, nitazame miguu ya wale wanaozuia, na kweli, nilipoanza kutazama miguu nikaanza kuona mpango ndani ya vurugu.

Alikuwa na vidonda viwili ambavyo alivisimulia kila wiki kana kwamba sijavisikia. Cha kwanza cha Januari 1991, Tampa, fainali ya Super Bowl dhidi ya New York Giants. Buffalo wako nyuma 20 kwa 19, zimebaki sekunde, Scott Norwood anapiga mkwaju wa yadi 47 upite katikati ya milingoti. Ukapita nje, kulia. Wakarudi fainali mwaka uliofuata, na uliofuata, na uliofuata tena, wakafungwa zote. Mara 4 mfululizo. Hadi leo hawajatwaa kombe hilo. Kidonda cha pili kilikuwa kibichi: Januari 2022 kule Kansas City, Buffalo wanaongoza, zimebaki sekunde 13, mechi ikasawazishwa, wakafungwa muda wa nyongeza 42 kwa 36. Ukitaka kumuudhi mtu wa Buffalo mtajie namba 13.

Kwa hiyo msimu wa 2022 ulikuwa wa kulipiwa deni. Wachambuzi nchi nzima waliwataja Bills kuwa ndio wenye nafasi kubwa ya ubingwa. Lakini mji ulikuwa umeshaingia kwenye msiba kabla hata mazoezi hayajaanza.

Tarehe 14 Mei 2022, Jumamosi mchana, kijana wa kizungu aliendesha gari saa kadhaa hadi duka la Tops lililoko Jefferson Avenue akaua watu weusi 10 kwa sababu ya rangi yao. Kulikuwa na mabibi waliokwenda kununua vitu vya chakula cha jioni. Mimi naishi West Side, pamoja na Wakongo, Wasomali, Waburundi na watu wa Burma, lakini kwenye duka lile nilishawahi kuingia kutafuta bamia na miguu ya nguruwe ya jirani yangu. Wiki ile wachezaji wa Bills walikuja Jefferson Avenue, wakaweka maua, wakagawa chakula. Nilipomwambia mzee, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Pale ndipo kwetu." Nikadhani kachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Uwanja wa kwanza wa Bills, walikocheza toka 1960 hadi 1972, ulikuwa hapohapo Jefferson Avenue, na yeye alikuwa akienda kwa miguu na baba yake. Wakati ule, mwaka 1964 na 1965, walikuwa mabingwa wa ligi yao, kabla ligi mbili hazijaungana. Furaha yake yote ya mpira ilikuwa mtaa ule.

Mwezi Septemba ligi ikaanza. Tarehe 8 walikwenda Los Angeles wakawafunga Rams, mabingwa watetezi, 31 kwa 10. Halafu Tennessee 41 kwa 7. Mechi hiyo ya Tennessee ina mambo mawili ambayo sikuyapa uzito siku ile. Beki mmoja, Dane Jackson, aliumia shingo akatolewa na gari la wagonjwa. Na mkongwe wa nyuma, Micah Hyde, naye akaumia shingo, msimu wake ukaishia hapo. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa miaka 24, jezi namba 3, Damar Hamlin, mtoto wa McKees Rocks karibu na Pittsburgh, aliyechaguliwa raundi ya 6 mwaka uliotangulia, timu zilipokuwa zinapokezana kuchagua wachezaji wapya. Raundi ya 6 ni ya watu ambao makocha wanasema tutaona. Mzee hakumjua. Alimwita "huyo mtoto".

Oktoba ilikuwa tamu. Allen alimrushia Gabe Davis tachidauni ya yadi 98 dhidi ya Pittsburgh, mechi iliyoisha 38 kwa 3, halafu wakarudi Kansas City, kwenye uwanja uleule wa sekunde 13, wakashinda 24 kwa 20. Usiku ule mzee aliomba bia. Nilimpa juisi ya tufaa kwenye glasi ya bia, akainywa yote akiwa ameshika mkono wangu.

Kisha theluji.

Wanaoijua Buffalo wanajua kwamba upepo ukivuka Ziwa Erie unabeba mvuke na kuumwaga ukiwa theluji kwenye ukanda mwembamba: mtaa mmoja unafunikwa, mtaa wa pili jua linawaka. Katikati ya Novemba ukanda huo ulikaa juu ya Orchard Park, kusini ya mji, mahali palipo na uwanja wa Bills. Ilianguka zaidi ya futi 6. Ligi ikahamisha mechi dhidi ya Cleveland ikachezwe Detroit. Tatizo likawa wachezaji wenyewe, maana walikuwa wamefukiwa majumbani mwao. Majirani wakatoka na machepe na matrekta madogo, wakawachimbia njia mpaka barabarani ili wawahi ndege. Wakashinda Jumapili, 31 kwa 23, na siku 4 baadaye wakashinda tena Detroit kwenye uwanja uleule, sikukuu ya Shukrani, 28 kwa 25. Nilimpenda mtu mmoja niliyemwona kwenye runinga, mbaba mwenye ndevu zilizoganda barafu, anachimba mbele ya nyumba ya mchezaji anayelipwa mamilioni kana kwamba anamchimbia mama yake.

Tufani ya Desemba haikuwa na picha za namna hiyo. Ilianza Ijumaa tarehe 23. Upepo ulikuwa unapiga nyumba mpaka madirisha yanalia, na nje huoni kiganja chako. Magari ya wagonjwa yalikwama, ya zimamoto yalikwama. Watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo letu, wengine ndani ya magari yao, wengine nyumbani wakisubiri msaada ambao ulikuwa hauna njia ya kufika. Mimi niliingia zamu Ijumaa nikatoka Jumatatu. Tulikuwa wahudumu 5 kwa sakafu nzima, tunalala kwa zamu kwenye viti vya ukumbi wa chakula. Watoto wangu walikuwa kwa jirani, mama wa Kikongo aliyeishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Nikipiga simu nalia, yeye ananiambia kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Usihangaike, dada. Batoto beko hapa, beko nakula."

Jumamosi ile, mkesha wa Krismasi, Bills walikuwa Chicago wakashinda 35 kwa 13, wakashindwa kurudi. Wakalala kulekule, siku ya Krismasi wakatua Rochester, mji wa jirani. Nilimwekea mzee mechi ile huku umeme unacheza. Sidhani kama aliifuata. Kila baada ya dakika chache aliuliza kama watoto wangu wamekula.

Hivyo ndivyo tulivyofika Jumatatu, tarehe 2 Januari 2023. Naeleza haya yote ili ieleweke mji ulikuwa katika hali gani. Tulikuwa bado tunazika.

Mechi ilikuwa Cincinnati, dhidi ya Bengals, usiku, runinga ya taifa zima. Mshindi angekuwa na nafasi nzuri ya kumaliza kinara wa nusu yao ya ligi. Bengals wanaongoza 7 kwa 3, robo ya kwanza. Mimi nimepiga magoti namkanda mzee miguu kwa mafuta, mguu wa kushoto ambao ukiachwa unakakamaa. Ilikuwa saa 2:55 usiku. Mshambuliaji wa Bengals, Tee Higgins, akadaka pasi, akageuka, akaingia na bega. Hamlin akampokea kifuani, wakaanguka wote. Mgongano wa kawaida kabisa. Tumeona mibaya zaidi ya huo mara 20 kwenye mechi moja. Hamlin akasimama. Akapiga kama hatua mbili. Halafu akaanguka chali, jinsi mti uliokatwa unavyoanguka.

Mzee alisema, "Huyo hajaumia. Huyo amekwenda."

Nikainuka nikiwa na mafuta mikononi. Nimefundishwa kukandamiza kifua, tunafanyishwa mtihani kila baada ya miaka miwili, na nilishaona moyo ukisimama. Nilijua mzee yuko sahihi. Wahudumu wa timu walifika kwa kijana yule ndani ya sekunde chache. Tangazo la biashara. Tukarudi, bado yuko chini. Tangazo. Tukarudi, na sasa watangazaji wanasema anakandamizwa kifua.

Wakati huo wachezaji wa Buffalo, wote, waliokuwa uwanjani na waliokuwa benchi, walisogea wakamzunguka. Walipiga duara, bega kwa bega, migongo kwa kamera. Majitu ya kilo 140 yanalia machozi, yamepiga magoti kwenye nyasi, lakini hayakufungua duara. Dunia nzima ilikuwa inataka kuona na wao walisimama wakaizuia dunia. Kwetu jambo hilo lina jina. Linaitwa sitara.

Nililijua duara lile kwa sababu nilishalisimamia.

Mwaka 2003, Idi pili, uwanja wa kijijini kwetu Muheza, kati ya michungwa na shamba la mkonge. Kaka yangu alikuwa anacheza winga. Ni mtoto wa mama mdogo, ila kwetu huyo ni kaka, hakuna neno jingine. Alikuwa na miaka 19, anakwenda kuchukua mpira wa kurusha, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Tukakimbilia. Kila mtu anapiga kelele, "Mpeni hewa! Mpeni hewa jamani!" Mmoja akammwagia maji ya ndoo usoni. Mwingine akamvua viatu. Mzee mmoja akataka kiberiti amnusishe moshi, akidhani ni kifafa. Wanawake tulivua kanga za mabegani tukazitandaza, tukasimama tumezishika kama ukuta, ili watoto wasione na ili yeye asitazamwe. Ndani ya ukuta ule tulikuwa tunampepea. Tulimpepea kwa dakika ambazo sizijui idadi yake. Kisha tukampakia kwenye gari la kubebea machungwa, na zahanati ya kwanza tuliyofika haikuwa na mtu siku ile ya sikukuu. Alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Walisema siku yake imefika, na mimi ni Mwislamu, nasadiki kwamba hakuna aondokaye kabla ya siku yake. Wengine walisema karogwa, kwa sababu alikuwa anakaribia kusajiliwa.

Nilikaa miaka 12 bila kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kufanya. Nilikuja kujua kwenye darasa la kuanzia kazi hapa Buffalo, sanduku la plastiki lenye umbo la kifua cha mtu liko mbele yangu, mwalimu anaeleza: mtu ameanguka, haitiki, hapumui sawasawa, weka kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, kandamiza kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache. Darasa zima lilikuwa linaandika. Mimi nilitoka nje.

Turudi Cincinnati. Tofauti ilikuwa ndani ya duara. Duara lao na letu yalikuwa yaleyale, huruma ileile, machozi yaleyale. Ndani ya lao alikuwamo Denny Kellington, msaidizi kwenye kitengo cha tiba cha Bills, mikono yake iko juu ya kifua cha Hamlin, na pembeni mashine ya kushtua moyo. Katika ligi ile kila mechi ina watu wa tiba kama 30 uwanjani, na kabla ya mpira kuanza wanakutana, wanajuana majina, wanaonyeshana gari la wagonjwa liko wapi na hospitali ya kukimbilia ni ipi. Mechi mia zinapita hakuna kinachotokea, na kikao kinafanyika vilevile.

Baadaye, mwezi Aprili, Hamlin mwenyewe alitangaza walichogundua madaktari. Pigo la kifuani likimpata mtu katika sehemu ndogo mno ya sekunde, moyo ukiwa unajiandaa kwa pigo lake linalofuata, linavuruga umeme wa moyo na moyo unaacha kusukuma damu. Hauhitaji ugonjwa, wala mfupa kuvunjika. Hapa Marekani huwapata zaidi vijana wanaocheza besiboli, mpira mdogo mgumu unapowagonga kifuani. Siwezi kusema ndicho kilichompata kaka yangu, hakuguswa na kitu. Lakini moyo uliosimama, kwa sababu yoyote ile, unasubiri kitu kimoja: mtu ausukumie damu mpaka msaada ufike.

Mama yake Hamlin alikuwa jukwaani usiku ule. Alishushwa uwanjani, akaingia kwenye gari la wagonjwa pamoja na mwanawe. Gari lilipotoka uwanjani ilikuwa nusu saa imepita. Kisha makocha wawili, Sean McDermott wa Buffalo na Zac Taylor wa Cincinnati, wakasimama pamoja, wakaingiza watu wao vyumbani. Baada ya saa 4 usiku ikatangazwa kwamba mechi haiendelei. Siku chache mbele ikafutwa kabisa. Ndiyo maana rekodi ya Buffalo msimu ule inasomeka ushindi 13 na kufungwa 3, mechi 16 tu, sawa na Bengals, wakati timu nyingine zote zilicheza 17. Nasikia watu wakiiita rekodi yenye pengo. Naipenda ilivyo. Ligi ile huendelea na mpira mtu akibebwa kwa machela, tulishaona hivyo Septemba, na usiku ule wachezaji wenyewe hawakukubali.

Nilitoka zamu saa 5, nikampigia mama. Tanga ilikuwa saa 1 asubuhi, anakunywa chai. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakuuliza kuhusu mpira. Aliuliza, "Mama yake alikuwepo?"

"Alikuwepo, mama."

"Amepata mtu wa kumshika?"

Nikamwambia sijui. Akanyamaza, nikamsikia anaweka kikombe chini. Sote wawili tulikuwa tunamwaza dada yake.

Alhamisi madaktari wa Chuo Kikuu cha Cincinnati wakatoka kusema kwamba ameamka. Bomba bado lilikuwa kooni, hawezi kusema, akaomba karatasi akaandika swali: tumeshinda? Daktari akamjibu kwamba ndiyo, ameshinda, ameshinda mchezo wa uhai. Nilimsomea mzee habari hiyo kutoka kwenye simu, akaniomba nirudie. Nilirudia mara tatu.

Kabla ya hapo kijana yule alikuwa na mfuko mdogo wa kununulia watoto wa mtaani kwao vitu vya kuchezea. Lengo lake lilikuwa dola 2,500. Ndani ya siku chache watu wasiomjua walichanga zaidi ya dola milioni 8.

Jumapili tarehe 8 Januari, Bills nyumbani dhidi ya New England. Mpira wa kwanza kabisa, mpira wa kuanzia, Nyheim Hines akaudaka akakimbia nao yadi 96 mpaka mwisho, hakuguswa. Chumba kile cha mzee kililipuka. Muuguzi alikuja mbio akidhani mtu ameanguka. Hines akarudia kipindi cha pili, safari hii yadi 101. Ikaisha 35 kwa 23. Nilishatazama mpira wa kila namna, tangu utotoni, na sijawahi kuona binadamu 70,000 wanalia na kushangilia kwa pumzi ileile. Siku tatu baadaye Hamlin alitoka hospitali ya hapa Buffalo akaenda kwake.

Mwezi Februari tukajua jambo jingine. Kim Pegula, mmoja wa wamiliki wa timu pamoja na mumewe, alikuwa haonekani hadharani tangu Juni 2022. Binti yake Jessica, mchezaji tenisi, aliandika kwamba mama yake moyo ulisimama usiku nyumbani, na aliyemkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika alikuwa binti mwingine, Kelly. Kwa hiyo msimu mzima familia ile ilikuwa inabeba siri hiyo, halafu Januari wanaona mchezaji wao ameanguka kwa jambo lilelile. Jessica alikuwa Australia kwa mashindano. Alicheza akiwa ameshonea namba 3 kwenye sketi yake.

Yaliyobaki ya msimu nitayapitisha haraka, kwa kuwa mji wenyewe uliyapitisha hivyo. Miami wakafungwa kwenye mtoano, 34 kwa 31. Halafu tarehe 22 Januari Bengals walewale wakaja Orchard Park, theluji inaanguka, wakatufunga 27 kwa 10. Walistahili. Buffalo walicheza kama watu waliochoka hadi kwenye mifupa, na mimi sikuwalaumu hata dakika moja. Hamlin alikuwepo juu kwenye chumba cha vioo, anaonekana kwa shida kwenye theluji, ameunganisha vidole vyake kwa umbo la moyo.

Nikazima runinga. Nilitegemea mzee aseme kuhusu Norwood. Akasema, "Yule mtoto walifanya sawa. Mimi usinikandamize."

Nilijua anachosema. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na karatasi ya pinki, ile ya jimbo letu, aliyokwisha saini na daktari wake: moyo wake ukisimama, aachwe. Nilikuwa naipita kila siku. Nikamwambia naijua karatasi yako. Akasema, "Najua unaijua. Nakwambia wewe, kwa sababu nimekuona unavyotazama."

Alifariki Mei, jioni, zamu yangu, dirisha liko wazi kidogo. Mikono yangu ilijua cha kufanya na niliiweka mapajani. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri. Nilichoweza ni kuvuta pazia la kitanda likamzunguka pande zote tatu, nikakaa naye ndani mpaka muuguzi alipokuja na saa.

Tarehe 1 Oktoba 2023 Damar Hamlin alicheza tena mechi ya ligi, Orchard Park, dhidi ya Miami. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine, asiyependa mpira. Nilitazama kwenye simu, korido, nimesimama karibu na kabati la mashuka.

Desemba nilikwenda nyumbani. Jioni moja barazani Muheza, wapwa zangu wakaniuliza habari za yule mchezaji aliyekufa akafufuka. Nikawaambia hakufufuka, kulikuwa na mtu aliyejua. Nikatoa mto wa kitandani, nikauweka mkekani, nikawaonyesha: kiganja hapa, mikono imenyooka, uzito utoke mabegani. Wakapokezana, wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wanacheka kwa sababu mto unatoa mavumbi. Msichana wa miaka 11 alifika 30 akaniangalia. Nikamwambia aendelee.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, amesimama muda, ungo uko mkononi. Sikuwa nimemwona. Aliuweka ungo chini, akaja, akajikunja taratibu akapiga magoti kwenye mkeka, watoto wakampisha. Akaweka kiganja juu ya mto.

"Hapa?" akaniuliza.

Nikamsogeza kidogo, katikati.